Aiskrimu ya Matunda Ikikukatalia, Anzia Sufuriani

Kila mwaka maembe yanapojaa soko la Mgandini hapa Tanga, nyumbani kwangu Makorora hakukauki watu. Huyu anakuja na kopo, yule anatuma picha kwenye simu, na swali ni lile lile: nimepika kastadi vizuri, ule uji wa maziwa, sukari na viini vya mayai, nimetia matunda mazuri, mbona aiskrimu imenikatalia? Na karibu wote wamekwisha kumpata mkosaji kabla hawajafika kwangu. Ni friza.

Msimu uliopita alikuja bibi mmoja wa mtaa wa pili, kopo kalifunga kwenye kanga lisiyeyuke njiani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie. Hii friza nimeinunua kwa pesa ya mchezo, haina hata mwaka, na tayari imeharibika."

Nikafungua kopo. Juu palikuwa na tabaka la manjano iliyokolea, chini rangi imepauka. Kijiko kilipoingia kilikwaruza kama kinachota chumvi ya mawe. Nikachukua kipande kidogo nikakisugua kati ya vidole viwili: utelezi wa mafuta sikuusikia, maji yakanitiririkia hadi kiganjani.

"Embe ulilisaga na nini, bibi?"

"Na maji kikombe kimoja tu. Blenda ilikuwa haizunguki."

Friza yake haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kikombe kile. Ndiyo maana nimeona niandike haya: mengi yanayosingiziwa friza huanzia kwenye sufuria au kwenye blenda, na ukijua kuisoma dalili utaokoa maziwa, mayai na siku nzima ya kazi. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayokutana nayo zaidi, na vipimo visivyogharimu kitu vinakuja kabla ya dawa kubwa.

Kipimo cha kulinganishia

Huwezi kujua ulipopotea kama hujui njia ilikuwa ipi. Mimi hutumia nusu lita ya maziwa halisi, robo lita ya krimu, viini vitano vya mayai ya kisasa (mayai ya kienyeji ni madogo, tumia sita), sukari gramu 150, chumvi ya ncha ya kijiko, na gramu 300 za tunda lililosagwa na kuchujwa. Krimu ikikosekana, au bei yake ikikushinda, tui la kwanza la nazi, lile zito, linashika nafasi yake. Ladha itakuwa ya nazi, na kwa embe, ndizi na fenesi mimi naipenda hiyo kuliko ya krimu.

Halafu kuna kastadi ya unga, ya kopo. Ile haina yai hata tone. Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, aliibuni mwaka 1837 kwa ajili ya mkewe ambaye mayai yalikuwa yakimdhuru, na mpaka leo ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu. Aiskrimu yake inalika vizuri, ila kanuni ya moto wake ni kinyume cha kanuni ya yai. Wanga unataka uchemke. Yai halitaki kuchemka kabisa. Shika hilo, maana tutalirudia.

Kastadi imekatika

Unaona madonge madogo yanayoelea, maji yamejitenga pembeni, ukionja ulimi unasikia chengachenga.

Sababu ya kwanza ni moto. Kiini cha yai kilichochanganywa na maziwa na sukari huanza kushika karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na ukipita 85 kinaanza kujikunja na kutema maji. Ni nafasi ya nyuzi chache tu, na jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguzia. Ukipika kwa mkaa, toa nusu ya makaa, yaliyobaki yafukie kwa majivu, kisha weka bakuli lako juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji. Unapika kwa mvuke. Inachukua dakika kumi na tano badala ya tano, lakini haikatiki.

Ya pili ni kumimina maziwa ya moto yote kwa mkupuo juu ya viini. Anza na upawa mmoja, ukikoroga bila kusimama, kisha wa pili, viini vizoee joto, ndipo urudishe vyote sufuriani.

Ya tatu, na hii inawapata hasa wapenzi wa pesheni, bungo, ukwaju na machungwa: tunda chachu limetiwa kastadi ikiwa bado ya moto. Asidi na joto vikikutana ndani ya maziwa, maziwa yanakatika kama vile unatengeneza jibini. Dawa yake ni kungoja. Kastadi ipoe kabisa, tunda lipoe kabisa, ndipo uvichanganye.

Ya mwisho ni maziwa yenyewe kuwa yameanza kuchacha tangu asubuhi. Chemsha nusu kikombe peke yake kabla ya kuanza. Yakikatika hapo, umepoteza nusu kikombe, hukupoteza mayai.

Ikikatika tayari, usiendelee kuikoroga motoni ukitumaini itarudi. Itoe mara moja, weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga kwa nguvu, chuja, na kilichobaki na madonge kisage kwenye blenda kwa nusu dakika. Iliyokatika kidogo huokoka. Iliyogeuka mayai ya kukaanga, ikinuka yai, haiokoki. Ukiipeleka kwenye friza utagandisha harufu ile ile.

Kastadi haishiki, imekuwa nyepesi kama chai

Kwa kawaida umeogopa moto kupita kiasi ukaitoa mapema. Chovya mwiko, uinue, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari wa kidole ukibaki wazi, kastadi haiteremki kuufunika, imeiva. Ukifunikwa, rudisha motoni. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 82 mpaka 84.

Kama unatumia unga wa kopo au wanga wa mahindi, sababu ni hiyo hiyo ya moto lakini upande wa pili: haukuchemka. Uache utoe povu la kuchemka dakika moja nzima huku ukikoroga. Na kuna wale wanaochanganya viini na wanga pamoja, wakapika kwa uoga wa yai, ikashika vizuri jioni, asubuhi wakaikuta imekuwa maji. Kiini kina kimeng'enya kinachokula wanga, na kimeng'enya hicho hakifi mpaka mchanganyiko uchemke. Ukiweka wanga pamoja na yai, chemsha bila hofu; wanga wenyewe unalikinga yai lisikatike.

Mara chache kosa ni la muuza maziwa aliyeongeza maji. Kastadi ikikukatalia mara mbili mfululizo kwa kipimo kile kile, badilisha unakonunua.

Ina chenga za barafu

Hii ndiyo dalili ya bibi yule, na ndiyo inayoleta watu wengi zaidi kwangu, kwa hiyo tutakaa hapa.

Aiskrimu laini ina barafu vilevile, ila barafu yake ni vipande vidogo mno ulimi usivitambue, vimezungukwa na mafuta, sukari na hewa. Chenga unazozisikia ni maji yaliyopata nafasi ya kukutana na kukua pamoja. Kwa hiyo uliza maswali mawili: maji yametoka wapi, na nani aliyapa muda?

Maji yametoka kwenye tunda. Embe bivu ni maji kwa kiasi cha asilimia 83. Nanasi linafika 86, papai 88, tikitimaji linapita 90. Ukitia gramu 300 za embe, umetia karibu robo lita ya maji bila kufungua bomba, na ukiongeza kikombe ili blenda izunguke umeharibu hesabu yote. Blenda ikikataa, tia sehemu ya kastadi iliyopoa badala ya maji.

Kisha punguza maji ya tunda lenyewe. Chukua gramu 450 za embe lililosagwa na kuchujwa, tia kwenye sufuria pana, moto mdogo, vijiko viwili vya ile sukari uliyopima, na ukoroge. Mwanzoni linarukaruka kama uji, jihadhari na mikono. Baada ya robo saa hivi linatulia, rangi inakolea kuelekea machungwa, na mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia inayoonekana kwa nukta mbili tatu kabla ya kujifunga. Hapo zimebaki kama gramu 300. Sasa una tunda. Kabla ya hapo ulikuwa na juisi.

Dodo na bolibo zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu nyama yake ni nyingi. Embe sindano ni tamu lakini nyuzi zake zitakaa kwenye meno, lazima lichujwe mara mbili. Machungwa ya Muheza nayapunguza zaidi: lita moja ya juisi nachemsha mpaka ibaki robo lita, na maganda nakwangua ile rangi ya juu tu nikailoweka kwenye maziwa ya moto, kwa sababu harufu ya chungwa inakaa pale. Bungo halihitaji kupunguzwa sana, ladha yake inatosha kwa kiasi kidogo, ila liongezee sukari. Parachichi usilipike kamwe, linakuwa chungu. Nalo halina haja, mafuta yake mwenyewe yanalainisha. Tikitimaji mimi siliwekei kastadi. Ligandishe kama barafu za watoto, ndiyo kazi yake.

Sababu ya pili ni kuganda polepole. Watu wanamimina mchanganyiko wa vuguvugu kwenye ndoo ndogo yenye kina, wanaifunga, wanaiweka friza, wanakwenda kulala. Katikati inachukua saa nyingi kuganda na chenga zinakua zinavyotaka zenyewe. Kastadi ipoze kwanza kwenye beseni la maji ya barafu, kisha ilale kwenye friji usiku mzima, au saa nne kwa uchache. Usiku ule mafuta yanashikana na mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Siku ya pili imimine kwenye sinia yenye kina kifupi, kama vidole viwili. Baada ya dakika 45 kingo zitakuwa zimeshika. Zikwangue, piga kwa miksa ya mkono au uma, rudisha. Rudia kila nusu saa, mara nne au tano. Anayeruka hatua hii kwa sababu ya usingizi asilaumu friza asubuhi.

Njia ninayoipenda kuliko zote haitaki friza wala mashine. Chukua ndoo, ndani yake sufuria nyembamba ya bati au aluminiamu yenye mfuniko. Kati ya ndoo na sufuria jaza barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe kwa tabaka, sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi kwa uzito. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na katika kuyeyuka inanyonya joto kutoka kwenye sufuria. Maji yale ya chumvi yanaweza kuteremka chini ya nyuzi hasi 15, na kikomo chake ni karibu hasi 21. Zungusha sufuria kwa mpini wake, kila dakika chache funua ukwangue pembeni kwa mwiko. Utaiona kastadi ikishika ukutani kama utando, unaikwangua, inashika tena. Dakika 30 mpaka 40 imekuwa nzito kama ugali laini. Wapwa zangu wanagombea kuzungusha. Mambo mawili tu: chumvi isiingie ndani, futa mfuniko kwa kitambaa kila unapofunua, na barafu ya mapande inayouzwa kwa wavuvi kule Deep Sea, kwenye soko la samaki, ibaki nje ya sufuria, isiguse chakula, maana haikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa. Vaa kitambaa mkononi pia. Maji yale ya chumvi yanaunguza ngozi kwa baridi.

Sababu ya tatu ni kupunguza sukari. Sukari haipo kwa ajili ya utamu peke yake. Ndiyo inayozuia sehemu ya maji isigande. Mchanganyiko ukiuonja kabla ya kugandisha uwe mtamu kidogo kupita unavyopenda, kwa sababu baridi inafifisha utamu ulimini.

Ya nne ni aiskrimu iliyokuwa nzuri ikaja kuharibika: umeme ulikatika, ikalainika, ikaganda tena. Ama kopo halikufunikwa vizuri. Bandika karatasi ya nailoni safi juu ya uso wa aiskrimu, iiguse, ndipo ufunike.

Je, yenye chenga inaokolewa? Ndiyo, kama muda wote imekaa kwenye baridi. Iyeyushe ndani ya friji, si mezani, iongezee tunda lililopunguzwa maji na krimu kidogo, isage, igandishe upya kwa njia ya sinia au ndoo. Ya bibi tuliiokoa hivyo, kwa tui zito na embe mbili.

Ngumu kama jiwe, kijiko hakiingii

Kwanza itoe ikae kwenye friji dakika 15 hadi 20. Friza ya nyumbani iliyowekwa sawasawa iko nyuzi hasi 18, na aiskrimu ya nyumbani haina hewa nyingi kama ya kiwandani. Kuwa ngumu ikitoka tu si ugonjwa.

Ikibaki jiwe, sukari imepungua au haikupigwa vya kutosha ikaingia hewa. Badilisha robo ya sukari kwa asali, au kwa glukosi ya unga ile inayouzwa kwenye makopo. Zote mbili zinashusha kuganda kuliko sukari ya kawaida, na glukosi haizidishi utamu.

Haigandi kabisa

Kabla ya kumwita fundi, weka kikombe cha maji kando ya kopo la aiskrimu, usiku mmoja. Kipimo hiki kimeokoa pesa za watu wengi. Asubuhi maji yakiwa barafu ngumu na aiskrimu bado uji, friza ni nzima, kosa ni la kipimo chako: sukari nyingi, asali nyingi, au maziwa mazito ya kopo yenye sukari yameongezwa juu ya sukari nyingine. Dawa ni kuongeza maziwa na tunda lisilo na sukari, si kuongeza siku.

Maji nayo yakiwa hayakuganda, sasa ni friza. Anza na rahisi. Je, mtu amepunguza kitufe cha baridi? Je, umejaza makopo sita ya vuguvugu kwa siku moja? Fungia kipande cha karatasi kwenye mlango, kivute. Kikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umelegea au mchafu, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Theluji ndani ikizidi unene wa kidole, izime, acha mlango wazi, ngoja iyeyuke. Usichokonoe kwa kisu. Bomba la gesi liko nyuma ya ukuta ule mwembamba, na friza nyingi nimeziona zikifa kwa ncha ya kisu. Isogeze pia mbali na ukuta kwa shibiri moja na ufute vumbi la nyuma ukiwa umeichomoa. Kwa hewa yetu ya bahari, vumbi na chumvi vikishikana mabomba yanaliwa na kutu.

Hapo ndipo pa kuishia mwenyewe. Chomoa na umwite fundi wa friji kama mwili wa friza unakupiga shoti hata kidogo, kama unasikia harufu ya waya kuungua, kama mota inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, au kama inanguruma mfululizo na haina baridi. Tazama kibandiko cha nyuma: kikiandikwa R600a, gesi yake inawaka moto kama ya kupikia. Usiruhusu mtu achomelee bomba ndani ya nyumba kabla gesi haijatolewa na madirisha kufunguliwa, na asiyejua gesi hiyo ni nini asiiguse. Umeme wa kwenu ukipanda na kushuka, kifaa cha kulinda friji ni nafuu kuliko mota mpya.

Imekuwa chungu, au tunda halisikiki

Uchungu baada ya saa kadhaa, na hasa kwa nanasi au papai: matunda haya yakiwa mabichi, yaani hayakupikwa, yana vimeng'enya vinavyokatakata protini ya maziwa, na vipande vile ndivyo vichungu. Kastadi nayo inalegea. Chemsha nanasi lililosagwa dakika tano, lipoze, ndipo utie. Nanasi la kopo limekwisha kupikwa kiwandani, halina shida. Kwa chungwa, uchungu ni ile nyeupe ya ganda.

Tunda lisiposikika, mara nyingi limevunwa bichi likaivishwa kwa haraka, na hakuna dawa ya hilo jikoni. Nunua linalonukia ukilishika. Matone machache ya ndimu na ile chumvi ya ncha ya kijiko huliamsha embe lililofifia ladha.

Ikinuka samaki, umeihifadhi pamoja na changu wasiofungwa. Mafuta ya maziwa na tui hunyonya harufu kuliko kitu chochote.

Inaacha utando wa mafuta kinywani

Imepigwa kupita kiasi mpaka krimu ikaanza kugeuka siagi, au tui lilikuwa zito mno. Punguza tui kwa maziwa wakati ujao. Hii ya leo iyeyushe kwenye friji, isage, igandishe.

Pale ambapo hakuna kuokoa

Kuna makopo niliyoletewa nikayamwaga mbele ya mwenyewe, na mwenyewe akachukia. Afadhali achukie.

Mwaga kama kastadi ya yai haikufika motoni, yaani viini vibichi vimepigwa na sukari tu. Yai bichi linaweza kubeba salmonela, na kugandisha hakuiui, kunailaza tu. Moto ule wa nyuzi 80 na kitu ndio unaoiua, nayo ndiyo sababu nyingine ya kipimo cha mwiko. Mwaga kama kastadi ilisahauliwa mezani zaidi ya saa mbili. Januari na Februari, joto letu likipita nyuzi 32, hesabu saa moja. Mwaga aiskrimu iliyoyeyuka ikawa maji ya vuguvugu umeme ulipokatika, hata kama imeganda tena na inaonekana nzuri. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashika baridi siku nzima na zaidi kwa nyama, lakini aiskrimu ndiyo ya kwanza kulainika, kwa hiyo iguse kabla ya chochote. Anayeuza, hata koni za watoto dirishani, aende TBS, Shirika la Viwango Tanzania, akaulize taratibu. Wao ndio wenye kusimamia usalama wa chakula tangu 2019.

Na mtu akishaila, yaliyobaki si kazi ya mpishi. Midomo au macho yakivimba, ngozi ikitoka mapele au pumzi ikibana muda mfupi baada ya kula, huenda mwili wake unakataa yai au maziwa: mpeleke hospitali hapo hapo, usingoje kuona. Kuharisha na kutapika kukianza, mpe maji yenye dawa ya kurudisha maji mwilini kidogokidogo. Akiwa mtoto mchanga, mjamzito au mzee, au kukiwa na homa kali, damu kwenye choo, macho yamedidimia au hakojoi, msipoteze muda na dawa za nyumbani. Mpelekeni, na mkifika mwambieni daktari alikula nini, saa ngapi, na kama yai lilipikwa.